Simu, Sanduku na Mizani ya Akili: Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Kuadhimisha Miaka Kumi ya Kikundi



 Nawashukuru waume zetu waliokubali leo kupika ubwabwa, na harufu yake tumeshaisikia. Historia ya kikundi ameiandika Katibu katika kurasa za mwanzo za kijitabu hiki, kwa hiyo sitaichosha. Tulianza mwaka 2015, akina mama 24, hisa Sh. 1,000/=. Leo tuko 31, hisa Sh. 2,000/=, na sanduku ni lile lile, kufuli tatu, funguo tatu, mikono mitatu.

Jambo ninalotaka kusema leo ni lile lililotusumbua mwaka mzima, na Ijumaa ijayo tutalipigia kura: je, hela yetu iendelee kukaa kwenye sanduku, au tuihamishie kwenye simu? Sitaki kusema kwanza upande wangu. Nataka tuangalie tunavyopima. Maana nimegundua kwamba tunabishana sana juu ya simu na sanduku, lakini mizani tunayopimia, yaani akili zetu wenyewe, hatujaikagua.

Nyote ni wakulima hapa. Mnajua lumbesa. Mnunuzi anakuja na gunia lake, analishonea kilemba juu, anakwambia "gunia moja, mama", na wewe unauza gunia moja na nusu kwa bei ya moja. Tulipiga kelele miaka mingi mpaka sheria ya vipimo ikasimama: mazao yapimwe kwa mizani, gunia lisizidi kilo 100. Leo mtu akija na kilemba chake hapa Mamboya hata mtoto wa darasa la tatu atamcheka. Lakini lumbesa ya simu tunaibeba kichwani na tunashukuru.

Nieleze. Mwenzetu mmoja, sitamtaja, alichukua simu janja ya mkopo. Duka nalo silitaji. Aliambiwa kianzio Sh. 50,000/=, halafu Sh. 1,200/= kila siku kwa mwaka mmoja, ukikosa siku simu inajifunga. Alifurahi, akasema elfu moja na mia mbili ni bei ya vitunguu. Kweli ni bei ya vitunguu. Lakini 1,200 mara 365 ni Sh. 438,000/=. Weka na kianzio, ni Sh. 488,000/=. Simu ile ile Morogoro mjini kwa hela mkononi ilikuwa Sh. 260,000/=. Sasa sikilizeni vizuri hapa. Kama hela ile ile, kianzio kile kile na elfu moja na mia mbili ile ile ya kila siku, angeitia sandukuni, siku ya 175 angekuwa na simu yake, haijifungi, haidaiwi. Hizo siku 190 zilizobaki ndizo alizomfanyia kazi muuzaji. Shilingi 228,000/=. Kilemba cha lumbesa hicho.

Msidhani namcheka. Simu aliihitaji wakati ule, na siku 175 ni nyingi kwa mtu anayetaka kupiga picha nyanya zake na kuzituma kwa mnunuzi wa Dar es Salaam. Mtu anaweza kuamua kulipa 228,000 ili asisubiri, ni haki yake. Ninachosema ni kwamba hakuamua. Hesabu ile hakuonyeshwa na hakuiuliza, kwa sababu elfu moja na mia mbili ilikaa mbele ya macho ikaziba nyingine zote. Bandu bandu huisha gogo, lakini anayebandua haoni gogo, anaona kibanzi.

Mimi nilisoma mpaka darasa la saba, wakati ule wa UPE, tukikaa wengi chini ya paa moja na kitabu kimoja. Kwa hiyo nilipoanza kuwaza mambo haya nilifikiri labda ni elimu yetu ndogo. Nikamwuliza Afisa wetu wa Maendeleo ya Jamii, naye akanipa habari ambayo ilinifungua macho. Kumbe kulikuwa na wataalamu wawili, Daniel Kahneman na Amos Tversky (majina nimeyanakili kama nilivyopewa), waliochunguza namna binadamu anavyokosea kupima, na waliowachunguza ni wasomi wa vyuo vikuu. Kahneman alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002. Mwenzake alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1996.

Moja ya majaribio yao, waliyoyaandika mwaka 1974, linatuhusu sisi Waafrika moja kwa moja. Walikuwa na gurudumu lenye namba, kama la bahati nasibu, ila walilipanga kwa siri lisimame kwenye 10 au kwenye 65 tu. Linazungushwa mbele ya mtu, kisha anaulizwa: nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya nchi zote za Umoja wa Mataifa? Gurudumu na Afrika vinahusiana nini? Hakuna. Lakini walioona 10 walikisia, kwa wastani wao, asilimia 25. Walioona 65 walikisia 45. Namba ya kwanza iliyoingia machoni iliwavuta kama kamba ya mbuzi, na wao hawakujua wamefungwa.

Basi nendeni gulioni mkaone. "Mama, hii simu ilikuwa laki tatu, leo nakupa laki na nusu." Nani alimwambia ilikuwa laki tatu? Lakini laki tatu imeshaingia kichwani, na laki na nusu inaonekana zawadi. Mwaka 2016 wengi walilipa adhabu ya zawadi hizo, maana mwezi Juni mwaka ule TCRA ilizima simu bandia nchi nzima. Simu zenye tochi, redio na laini mbili, bei ya kutupwa, zikawa vipande vya plastiki kwa usiku mmoja. Wale waliokuwa wamebonyeza *#06# na kutuma namba ya simu kwenda 15090 walikwisha kujua mapema. Ilikuwa inachukua dakika mbili. Muuzaji alikuwa amewaonyesha bei na hawakuona haja ya kutazama kingine.

Sasa niseme kidogo kuhusu biashara yenyewe ya simu, maana tusipoielewa tutadhani kila kitu ni ujanja. Mnara ukishasimama juu ya mlima pale, gharama kubwa imekwisha kuliwa. Kupitisha maneno ya mtu mmoja zaidi karibu hakumgharimu mwenye mnara kitu. Kwa hiyo faida yake ni watu wengi, na watu wengi wakishakuwa huko, nawe unalazimika kwenda huko. Wazee wetu wa Kikaguru wangeelewa jambo hili haraka. Mamboya hapa ilikuwa njia ya misafara ya kwenda Mpwapwa na bara, na wasafiri wa karne ya 19 waliandika taabu yao ya ushanga: rangi inayopendwa hapa, mbele huko inakataliwa, mtu anabaki na mzigo usionunua hata kuku. Ushanga ulikuwa na thamani pale tu ambapo jirani naye anaupokea. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 ilikuwa ushanga tu. Kama ndugu yako Dar hana, ya kwako ni ya nini? Waliposajiliwa wengi ndipo ikawa hela.

Na mkishakuwa wengi mahali pamoja, kuhama ni kazi. Tulikaa na laini zetu hata pale mtandao mwingine ulipokuwa nafuu, kwa sababu namba anayo shangazi, anayo mnunuzi, anayo mwalimu. Tangu mwaka 2016 mitandao mikubwa yote inapokezana hela, na tangu Machi 2017 mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake. Mlango uko wazi miaka yote hiyo. Ni wangapi hapa wamewahi hata kulinganisha makato ya kutoa hela kwa wakala wa mtandao wao na wa jirani? Naona mnacheka.

Tazameni pia jambo la tozo. Mwaka 2021 mwezi Julai tozo ya miamala ilipoanza, nchi nzima ilipiga kelele, watu wakarudi kutuma hela kwa makondakta wa mabasi, mpaka Serikali ikaipunguza kwa asilimia 30, na baadaye ikaipunguza tena. Kwa nini tulipiga kelele? Kwa sababu tozo iliandikwa peke yake, kwa jina lake, kwenye ujumbe. Kifurushi cha Sh. 1,000/= cha kila siku, ambacho ni Sh. 365,000/= kwa mwaka, hakuna aliyewahi kukifanyia mkutano. Hisa moja kila wiki, mwaka mzima, ni Sh. 104,000/=, na hiyo tunasema ni nzito. Inayoonekana inauma, isiyoonekana haiumi.

Na wale wataalamu walisema uchungu wa kupoteza elfu kumi unazidi utamu wa kupata elfu kumi, kwa vipimo vyao kama mara mbili. Ndiyo maana mtu aliyekwisha kuingiza hela mahali pabaya haondoki. Anaongeza. Tulikuwa na DECI, mnakumbuka, watu wakiambiwa wapande mbegu wavune mara mbili na zaidi. Serikali iliisimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani viongozi wake. Tukasema hatutarudia. Mwanzoni mwa mwaka 2025 likaja lile la kwenye simu, Leo Beneath London, lipa hela kwanza halafu tazama matangazo ya filamu ulipwe, na mwisho wake polisi wakawa wanakamata watu mikoani. Mbegu ile ile, shamba jipya. Aliyelipwa mwanzo analipwa kwa hela ya aliyeingia nyuma yake, naye huja kushuhudia kwa sauti kubwa, ananunua kitenge, anakuonyesha ujumbe wa simu. Aliyepoteza hasemi, anaona aibu. Kwa hiyo wewe ukikaa kijijini unasikia mashahidi wa upande mmoja tu. Hata hakimu angehukumu vibaya.

Aibu hiyo ndiyo inanileta kwenye jambo zito.

Mwaka huu tumepoteza wenzetu watatu. Hawakufa, wapo, tunapishana nao kisimani. Walikopa kwenye programu za simu, zile za "pata mkopo dakika mbili". Mmoja aliomba Sh. 50,000/=. Zikaingia 40,000, elfu kumi imekatwa mlangoni, na ndani ya siku saba arudishe 50,000. Akaona ni elfu kumi tu. Elfu kumi juu ya arobaini ni robo, kwa wiki moja. Asipoweza, analipa elfu kumi nyingine ili asogezewe, na baada ya wiki nne ameshatoa elfu arobaini na deni bado liko pale pale kama jiwe. Kwetu sisi elfu arobaini ile ile kwa miezi mitatu riba yake ni 4,000, na hiyo 4,000 inarudi kwetu wenyewe siku ya kugawana.

Kilichofuata mnakijua. Ujumbe ukaanza kwenda kwa watu walioko kwenye simu yake, mama mkwe, kaka wa mume, mwalimu wa mtoto: "mwambieni fulani alipe, ni tapeli". Programu ilikuwa imechukua majina yote alipobonyeza "kubali". Ninayemsema huyu alikuwa mhesabu fedha wetu kwa miaka sita, akina mama. Sita. Hakuna aliyempita kwa hesabu hapa. Kwa hiyo anayesema alikuwa mjinga simkubalii hata kidogo. Alikosa mtu wa kuhesabu naye kwa sauti, saa sita ya usiku, mtoto ana homa na simu iko mkononi.

Na hapo tuseme ukweli wetu. Simu ilimpa usiku. Sisi tunakutana Ijumaa. Mtu hafi kwa ratiba ya kikundi. Kwa hiyo napendekeza, na kamati imekubali tulijadili, kwamba mfuko wa jamii uwe na mkopo wa dharura usiozidi Sh. 50,000/=, watunza funguo watatu wakikubaliana hata usiku wafungue, Katibu aandike, Ijumaa tuarifiwe. Pia anayetaka kukopa kwenye simu asikatazwe, ila alete kwanza mbele ya mwenzake mmoja, waandike kwenye karatasi: inaingia ngapi mkononi, inatoka ngapi, siku ngapi. Mistari mitatu. Na atazame kama mkopeshaji ana kibali. Benki Kuu Novemba 2024 ilitangaza programu 69 zinazokopesha bila kibali, na orodha ile Afisa wetu anayo ofisini. Wale wenzetu watatu naomba tuwafuate nyumbani, tusiwaite kwenye kikao. Nimekwisha kwenda kwa mmoja. Alinikaribisha uji, hatukuzungumza habari ya deni, na nadhani atakuja.

Sasa sanduku na simu. Upande unaotaka simu wanasema sanduku litaibwa, kwa sababu kuna kikundi fulani kiliibiwa. Upande wa sanduku wanasema simu itaibiwa, kwa sababu dada yake fulani alipokea ujumbe wa "ile hela nitumie kwenye namba hii" akatuma. Kila upande umebeba hadithi moja, na hadithi moja ya kutisha inakaa kichwani kuliko hesabu ya miaka kumi. Hesabu ya miaka kumi ni hii: sanduku letu halijavunjwa hata mara moja. Lakini miezi ya mavuno linakuwa zito, na anayelilaza nyumbani kwake halali usingizi. Mume wake ameniambia mwenyewe. Hilo nalo ni gharama ingawa halina namba.

Upande wa simu, huduma ya M-Koba ipo tangu mwaka 2019, ya Vodacom na benki ya TPB wakati ule, imetengenezwa kwa ajili ya vikundi kama sisi. Mhazini amekwenda kuuliza makato na masharti, amerudi na karatasi, iko ukurasa wa nyuma, isomeni. Msiangalie ile ya kuingiza tu. Angalieni ya kutoa, angalieni na simu zenyewe: wenzetu 9 wana kitochi, na wanne hawana laini kwa jina lao.

Ninachoogopa mimi si wizi. Naogopa kimya. Sanduku likifunguliwa, noti zinahesabiwa juu ya mkeka, kila mtu anasikia fulani ameleta hisa tatu, fulani amerudisha elfu ishirini, fulani bado. Ukitoa noti kumi mkononi unasikia zinavyotoka. Kwenye simu ni kidole tu, na hela ya kidole haiumi. Kwa hiyo msimamo wangu, kama mwanachama mwenye kura moja kama ninyi, ni huu: miezi ya mavuno hela ya hisa iende kwenye simu, mfuko wa jamii ubaki sandukuni, na Ijumaa tuendelee kukaa kwenye mkeka, Katibu asome kila ingizo kwa sauti hata kama kila mtu ameshapata ujumbe wake. Wapo watakaoona ni kupoteza muda. Waje waseme.

Ijumaa kila mmoja aje na karatasi yake ya hesabu, si hadithi. Asiyejua kuandika aje na mtoto wake wa shule. Kura ni ya mawe, jeupe na jeusi, kama kawaida yetu, ili asiwepo wa kuangalia mkono wa jirani umekwenda wapi.

Ndugu Mgeni Rasmi, nimesema mengi na ubwabwa unapoa. Namwomba Mhazini aje asome mapato na matumizi ya mwaka, halafu tutagawana mbele yenu.